Kirusi kinaweza kuunguza kompyuta? Inategemea nani ameshika breki

Mwaka 2024 Intel ilitoa masahihisho ya maikrokodi, yale maagizo ya ndani kabisa yanayoiendesha prosesa, kwa prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14. Yalikuja baada ya malalamiko mengi ya kompyuta kuganda na michezo kujifunga katikati. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba maikrokodi na baadhi ya mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, vilikuwa vikiomba volti kubwa kuliko inavyofaa, na volti hizo zikisaidiana na joto zikaizeesha sakiti ndani ya prosesa kabla ya siku zake. Sahihisho la Agosti liliweka dari ya volti 1.55. Prosesa iliyokwisha kuumia haikupona kwa sahihisho. Ilibidi itolewe, iwekwe nyingine, na muda wa dhamana ukaongezwa miaka 2. Habari hiyo ilisomwa kwa namna mbili. Wapo waliosema ni kasoro ya kiwandani, programu isisingiziwe. Wapo walioruka hadi ng'ambo ya pili: kama maandishi yanaweza kuila prosesa, basi kirusi chochote kinachoingia na barua pepe kinaweza kuichoma kompyuta ikiwa mezani. Kila upande umeshika nusu ya habari na kuitangaza kuwa nzima.

Msimamo wangu ni huu. Programu, iwe hasidi au halali, haiwezi kuvunja kitu ambacho mpaka wake wa mwisho umewekwa na umbo la kitu chenyewe: fyuzi, swichi ya joto, waya ambao haukuunganishwa. Lakini inakiweza kabisa kitu ambacho mpaka wake wa mwisho ni tarakimu iliyohifadhiwa mahali panapoandikika. Kwa hiyo kuuliza kama kirusi kinaharibu vifaa ni sawa na kuuliza kama maji yanaua. Lazima tujue ni maji gani na nani anaogelea. Swali lenye jibu ni hili: katika kifaa hiki, kati ya amri na uharibifu, kizuizi cha mwisho kiko wapi na nani anaweza kukigusa? Kwa miongo kadhaa sasa vizuizi hivyo vimekuwa vikihamishwa kutoka kwenye chuma kwenda kwenye programu, tena kwa sababu ya maana, maana programu hurekebishwa bila mtu kufungua skrubu. Lakini kilichorekebishika na mtengenezaji akiwa mbali kinarekebishika pia na mtu mwingine akiwa mbali.

Kabla ya kuendelea, kuna mambo matatu ambayo mazungumzo ya kila siku huyatia kapu moja. La kwanza ni data kupotea. Agosti 2012 programu hasidi iliyopewa jina la Shamoon iliingia kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco ikafuta kompyuta zipatazo 30,000. Kazi zilisimama, lakini diski zenyewe zilibaki nzima na zingeweza kujazwa upya. La pili ni kufutwa kwa programu dhibiti, yaani ile inayokaa kwenye chipu ndani ya kifaa na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Hapo kifaa kinageuka tofali. Kirusi cha CIH, kilichoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan na kulipuka tarehe 26 Aprili 1999, kilifanya yote mawili: kiliandika sifuri juu ya megabaiti ya kwanza ya diski, kisha kikajaribu kuichafua chipu ya BIOS. Jaribio hilo la pili lilifaulu kwenye baadhi ya mazabodi tu, yaani ubao mkuu wa kompyuta, hasa zenye chipuseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 430TX. Tarehe 24 Februari 2022 ikawa zamu ya modemu za setilaiti za mtandao wa KA-SAT wa Viasat barani Ulaya. Kumbukumbu zake zilifutwa, na mitambo ya upepo 5,800 ya Enercon ikapoteza mawasiliano ya kuidhibiti kwa mbali, ingawa iliendelea kuzunguka. Viasat ilisema vipuri vya modemu havikuwa na jeraha lolote, na bado ilisafirisha modemu karibu 30,000 za kuzibadili, maana huwezi kumpelekea kila mteja fundi mwenye kifaa cha kuflashia, yaani kuiandika chipu upya. Jambo la tatu ndilo uharibifu hasa: chuma, silikoni au kemikali ya betri imebadilika, na hakuna faili litakaloirudisha ilivyokuwa.

Hilo la pili huwachanganya hata mafundi, kwa hiyo tulisogelee. Mazabodi iliyochafuliwa BIOS ina dalili zake: feni inazunguka, pengine inazima na kuanza tena kila baada ya sekunde chache, lakini hakuna picha wala mlio. Kwenye ubao kuna chipu ndogo ya miguu 8, mara nyingi ya megabaiti 16 au 32, yenye kinukta kinachoonyesha mguu wa kwanza. Fundi anaondoa umeme wote, pamoja na betri ya laptopu na ile ya sarafu, anaibana chipu kwa kibanio, anaunganisha kifaa cha kuflashia, kisha anasoma yaliyomo mara mbili na kulinganisha mafaili hayo mawili. Yakitofautiana hata baiti moja asiandike kitu, kwa sababu kibanio hakijakaa sawa, au umeme wa kifaa unanyonywa na sehemu nyingine za ubao na chipu inabaki na njaa. Dawa ni kubana upya, kufupisha nyaya, na ikishindikana kuing'oa chipu kwa hewa ya moto na kuiandika ikiwa pembeni. Hapa ndipo uharibifu wa kweli huzaliwa, tena kwa mikono ya anayetibu. Kuna chipu za volti 3.3 na za volti 1.8, lakini kifaa maarufu cha kuflashia, CH341A, katika toleo lake jeusi la kawaida, hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata pale chipu inapolishwa 3.3. Chipu ya 1.8 iliyounganishwa bila kigeuzi inaweza kufa palepale, na lawama ikabebeshwa kirusi. Kosa jingine ni kutupa yale yaliyosomwa kwa kuwa "yameharibika." Ndani yake mara nyingi mmebaki namba ya utambulisho wa mashine, anwani ya kadi ya mtandao na eneo la mipangilio ya chipuseti, na ukimwaga faili la mashine nyingine juu yake, kompyuta inawaka ikiwa na utambulisho wa mwenzake. Hifadhi nakala, futa, andika, soma tena kuhakiki. Mazabodi iliyofufuka kwa njia hiyo haikuwa imevunjika.

Sasa turudi kwenye mabishano. Upande unaosema kirusi hakiwezi kuvunja kifaa una hoja nzito, nzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Chukua joto, ndilo linalotajwa na kila mtu. Prosesa ya kisasa ikikaribia nyuzi 100 hivi hupunguza kasi yenyewe. Ikiendelea kupanda, sakiti nyingine ndani yake hutoa ishara ya kukata umeme mara moja. Sakiti hizo ziko kwenye silikoni na haziulizi ruhusa ya mfumo endeshi. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya majaribio ya kuondoa kipoza joto wakati kompyuta inafanya kazi: prosesa ya Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi, Athlon ya wakati huo ikatoa moshi. Funzo lilieleweka haraka, na leo kirusi kinachosaga prosesa usiku kucha kwa kuchimba sarafu za kidijitali kitakuongezea bili ya umeme na kelele za feni, kitachakaza feni yenyewe, lakini prosesa kitaiacha hai. Skrini za zamani za kioo kizito nazo zilikuwa na udhaifu huo: baadhi zilitegemea kadi ya picha kwa mapigo ya kuchora mistari, na kadi ikitoa masafa yasiyofaa sakiti ya volti kubwa ndani ya skrini ilielemewa. Skrini zilizofuata ziliwekewa sakiti inayopima masafa kwanza na kukataa yasiyo yake. Na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba baadhi ya printa za HP LaserJet zilikubali programu dhibiti mpya iliyofichwa ndani ya kazi ya kuchapisha, bila kuuliza sahihi. Wakaiamuru sehemu ya kukaushia wino ipashe moto bila kukoma. Karatasi ilibadilika rangi ikaanza kufuka moshi, kisha swichi ya joto ikakata umeme. Vichwa vya habari vilizungumzia moto. Mimi naona shujaa wa kisa kile ni ile swichi, kipande cha chuma kinachojikunja kikipata joto, ambacho hakuna programu iliyoweza kuzungumza nacho.

Mpaka hapo upande huo umeshinda. Unapoteleza ni pale unapogeuza mifano hiyo kuwa kanuni na kusema programu ni namba tu, na namba haiunguzi kitu. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu, kwa sababu volti inayoingia kwenye prosesa ya leo nayo ni namba. Prosesa humwandikia kidhibiti volti kilicho pembeni yake ombi la tarakimu, naye hutoa kama alivyoombwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walionyesha kwenye mazabodi za seva za Supermicro kwamba aliyekwisha kupata mamlaka makubwa kwenye mashine anaweza kupitia ile chipu ya kusimamia seva kwa mbali na kuzungumza na vidhibiti volti moja kwa moja. Prosesa ya Xeon ambayo mwisho wake ni volti 1.52 iliweza kuagiziwa hadi volti 2.84. Prosesa 2 zilikufa jumla katika majaribio yao. Ulinzi wa joto ninaousifu hapo juu hauna kazi mbele ya volti kama hiyo, kwani inatoboa tabaka jembamba za transista bila kungoja kitu kipate moto. Chaja nazo zimeingia mkumbo huohuo. Mwaka 2020 maabara ya usalama ya Tencent ilipima chaja 35 za kasi ikakuta 18 zina udhaifu, na 11 kati ya hizo zingeweza kubadilishwa programu yake kupitia kifaa cha kawaida kilichochomekwa, simu au laptopu. Chaja iliyobadilishwa hupuuza makubaliano ya volti na kusukuma 20 kwa kifaa kilichoomba 5. Chaja ya zamani isiyojua volti nyingine zaidi ya 5 haikuhitaji kulindwa na yeyote.

Njia nyingine haina cheche wala moshi, na naiona ndiyo hatari zaidi kwa kuwa haionekani: uchakavu wa kumbukumbu. Kila seli ya kumbukumbu ya flashi ina idadi ya kufutwa na kuandikwa ambayo ikipita hukataa kushika chaji, na hilo ni jambo la kimaumbile, halina sahihisho. SSD, diski inayotumia kumbukumbu hiyo, ya kawaida ya terabaiti 1 hudhaminiwa mara nyingi kwa terabaiti 600 za kuandikwa. Programu inayoandika megabaiti 500 kwa sekunde bila kupumzika itazimaliza kwa sekunde 1,200,000, yaani siku 14 kasorobo. Diski nyingi hupita kiwango cha dhamana kabla ya kufa, hilo ni kweli, lakini pia maandishi madogomadogo yaliyotawanyika huifanya diski iandike ndani kwa ndani kuliko ilivyoombwa, kwa hiyo hesabu inaweza kwenda upande wowote. SSD angalau husambaza uchakavu kwenye seli zake zote. Chipu ndogo inayobeba BIOS haina utaratibu huo. Chipu za namna hiyo kwa kawaida hutajiwa mizunguko 100,000 kwa kila kipande cha kilobaiti 4, na kukifuta kipande kimoja huchukua milisekunde 45 hivi. Zidisha: sekunde 4,500, saa 1 na robo ya kufuta pekee, na kipande hicho kimekula umri wake wote ambao ungetosha maisha ya kompyuta kumi. Hapa kuflashi upya hakusaidii. Chipu inang'olewa na kuwekwa nyingine ya ukubwa na volti ileile.

Anayedhani hii ni nadharia ya maabara aangalie magari ya Tesla. Baadhi ya Model S na Model X zilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwenye kompyuta ya skrini ya katikati, na mfumo ulikuwa ukiijaza kumbukumbu za matukio mfululizo. Hakukuwa na mvamizi yeyote, ni programu ya mtengenezaji wa gari ikifanya kazi yake. Baada ya miaka kadhaa seli zikachoka, skrini zikazima, pamoja na kamera ya nyuma, na mwaka 2021 kampuni ikaita magari karibu 135,000 yarudi kurekebishwa. Kama uzembe wa kuandika kumbukumbu unaweza kuyafikia magari mengi kiasi hicho bila nia mbaya, sioni kwa nini nia mbaya ishindwe. Tofauti pekee ni kwamba mwenye nia mbaya hana subira ya miaka.

Upande huohuo hupenda kuongeza kwamba wahalifu wanataka fedha, na kompyuta iliyokufa haitoi fedha. Kwa mwizi wa benki hoja hiyo inasimama. Kwa wengine inaanguka. Mwishoni mwa Oktoba 2023, ndani ya saa 72, ruta zaidi ya 600,000 za mtoa huduma mmoja wa intaneti Marekani zilizimwa moja kwa moja. Ripoti iliyotolewa Mei 2024 na watafiti wa kampuni ya mawasiliano ya Lumen ilieleza kwamba programu dhibiti yake iliharibiwa na vifaa vikalazimika kubadilishwa. Kudai fidia kwa ruta iliyokufa ni kama kumdai marehemu, kwa hiyo lengo halikuwa fedha za wenye ruta. Tarehe 23 Desemba 2015, wavamizi walipokata umeme kwa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, waliharibu pia programu ya vigeuzi vidogo vinavyounganisha vituo vya umeme na chumba cha udhibiti. Umeme ulirudi baada ya saa kadhaa kwa sababu mafundi waliendesha magari hadi vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Vigeuzi vile havikurudi. Aliyefanya hivyo hakutaka fedha. Alitaka ukarabati uchukue muda.

Viwandani ndiko mambo yalikofika mbali zaidi, na huko mantiki ya kizuizi cha mwisho inaonekana peupe. Machi 2007 Maabara ya Taifa ya Idaho, Marekani, ilifanya jaribio lililoitwa Aurora kwenye jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 yenye uzito wa tani 27 hivi. Rilei ya kidijitali, kifaa cha kuulinda mtambo wa umeme, iliamriwa kufungua swichi kubwa kisha kuifunga tena jenereta ikiwa imeshapishana hatua na gridi. Kila mara swichi ilipofunga, gridi iliivuta jenereta kwa nguvu ili irudi kwenye mapigo yake. Shafti ikapokea pigo ambalo halikukusudiwa, vipande vya mpira vikaruka kutoka kwenye kiunganishi, na hatimaye moshi. Jambo la kutazama hapo ni kwamba kilichoagizwa kuvunja ndicho kilichonunuliwa kulinda. Ni fisi aliyekabidhiwa bucha, ila fisi huyu aliajiriwa akiwa mlinzi mwaminifu na akabadilishwa fikra usiku. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa Juni 2010, ilifuata mantiki hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi. Huko Natanz, Iran, sentrifuji, mashine za kurutubishia urani kwa kuzunguka kwa kasi, zilikuwa zikizungushwa na vigeuza masafa vya umeme kwa hezi 1,064. Programu ile ilivipandisha hadi hezi 1,410 kwa dakika 15, ikatulia siku 27, kisha ikavishusha hadi hezi 2 kwa dakika 50, ikarudisha kawaida. Rota ya alumini inayopita kwenye masafa ya mtetemo wake juu na chini namna hiyo haidumu. Sehemu nyingine ya programu hiyohiyo ililenga mfumo wa kulinda presha ya gesi, na huku ikivuruga vali iliwachezea waendeshaji rekodi ya sekunde 21 ya hali ya kawaida, ikirudiarudia. Mwaka 2014 idara ya usalama wa habari ya Ujerumani, BSI, iliripoti kiwanda cha chuma ambacho wavamizi waliingia kupitia barua pepe za ofisini wakafika kwenye uzalishaji. Tanuri likashindwa kuzimwa kwa utaratibu na uharibifu ukawa mkubwa.

Na mfano unaonikaa zaidi kichwani haukuvunja kitu. Mwaka 2017 kwenye kiwanda cha kemikali za petroli Saudi Arabia ilikutwa programu hasidi, Triton, iliyoandikwa mahususi kwa ajili ya vidhibiti vya usalama vya Triconex, vile ambavyo kazi yao pekee ni kuzima mtambo hali ikiwa mbaya. Ilikosea, vidhibiti vikagundua hitilafu vikauzima mtambo, na hapo ndipo ilipofichuka. Vidhibiti hivyo vina swichi ya ufunguo mbele yake yenye nafasi ya kuruhusu kuandikiwa programu na nafasi ya kukataa. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuruhusu.

Upande wa pili, wa wanaoamini kila kirusi ni bomu, haunihitaji kwa muda mrefu. Maikrokodi ya Intel haiandikwi na yeyote mwenye faili. Lazima ibebe sahihi ya kampuni, na hupakiwa upya kila kompyuta inapowaka. Ni kweli kwamba kufuli hufunguka: mapema 2025 watafiti wa Google walionyesha kuwa ukaguzi wa sahihi kwenye prosesa za kampuni ya AMD za vizazi vya Zen, cha kwanza hadi cha nne, ulitumia ufunguo wa mfano uliochapishwa hadharani, wakaweza kutunga maikrokodi yao. Lakini hata hapo walihitaji mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine, na kompyuta ikizimwa kazi yao inafutika. Betri nazo zimesingiziwa mengi. Mwaka 2011 mtafiti wa usalama Charlie Miller alikuta betri za MacBook zina nywila ya kiwandani isiyobadilishwa kwenye chipu yake, akaziua betri kadhaa kwa kuchafua programu yake, lakini mlipuko hakuupata, kwani ndani ya pakiti mna fyuzi na ulinzi usiopitia chipu hiyo. Kinachotokea kwa uhakika ni kidogo na cha aibu zaidi: Desemba 2017 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky iliiweka programu hasidi ya Loapi kwenye simu ya majaribio, ikasaga sarafu za kidijitali kwa siku 2, betri ikavimba mpaka kifuniko kikapinda. Simu nyingi hazina feni, na betri imelala mgongoni mwa prosesa. Prosesa ilijilinda, jirani yake hakulindwa na mtu.

Tukikubaliana kuhusu kizuizi cha mwisho, baadhi ya mambo yanabadilika kivitendo. Fundi anayepokea kompyuta "iliyouawa na kirusi" ana mpangilio wa kufuata: chomoa diski ujaribu kuwasha bila hiyo, soma chipu ya BIOS mara mbili, pima volti kwenye koili za kidhibiti volti, na ikiwa hayo yote ni mazima ndipo aanze kuishuku prosesa. Zaidi ya nusu ya kesi zitaishia kwenye hatua mbili za kwanza, ni makisio yangu ya kihandisi, maana data na programu dhibiti ndivyo vilivyo wazi zaidi. Mwenye seva aichukulie chipu ya usimamizi wa mbali kama ufunguo wa swichi kuu ya umeme: mtandao wake pekee, nywila ya kiwandani itolewe siku ya kwanza, kamwe isiachwe ikitazama intaneti. Anayesimamia SSD nyingi atazame kila wiki kipimo cha jumla ya data iliyoandikwa, ambacho diski yenyewe hukitunza. Kikipanda ghafla bila kazi mpya kuongezeka, hapo pana programu ya kutafutwa, hasidi au ya kizembe. Kampuni za dhamana nazo zitalazimika kuamua jambo wanalolikwepa: prosesa iliyokufa kwa volti iliyoombwa na programu ni kasoro ya nani? Mwaka 2024 jibu lilikuwa rahisi kwa kuwa programu na prosesa vilikuwa vya mtu mmoja.

Wabunifu ndio wenye kazi kubwa, na sehemu yake si mpya. CIH haikuweza kuziua mazabodi zote mwaka 1999, na moja ya sababu ni kwamba baadhi zilikuwa na jampa, kile kiplastiki chenye chuma ndani kinachounganisha miguu miwili ya ubao, kilichokata ruhusa ya kuandika kwenye chipu ya BIOS. Wateja walilalamika kufungua boksi kila wanapotaka sahihisho, na jampa zikapotea kwenye mazabodi za kawaida. Chromebook za mwanzo, laptopu za mfumo wa Google, zilirudisha wazo hilo kwa skrubu moja iliyounganisha sehemu mbili za ubao: ikiwa imekazwa, eneo la msingi la programu dhibiti haliandikiki hata na mwenye mamlaka yote kwenye mfumo. Matoleo ya baadaye yaliitoa skrubu, ulinzi ukahamia kwenye chipu ya usalama ambayo, kabla haijafunguka, humtaka mtu akae mbele ya mashine na kubonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa kwa muda wa dakika kadhaa.